Sekunde Kumi

Katika maisha yangu nimemfukuza mtu nyumbani kwangu mara moja tu, na niliyemfukuza alikuwa kijana wa jirani ambaye hakuwa na kosa. Jambo lenyewe lilianzia kwenye flashi.

Chama chetu kidogo cha kuweka na kukopa hapa Tanga kilikuwa na kompyuta nne na hofu nyingi. Tukaamua kuweka faiawoli, yaani mlinzi wa kusimama kati ya kompyuta zetu na intaneti, akague kinachoingia na kinachotoka. Fedha za kununua chombo kipya hatukuwa nazo. Kompyuta kuukuu yenye kadi mbili za mtandao tulikuwa nayo, na programu ya OPNsense ni ya bure. (Nayo ilizaliwa kwa kutengana: mwaka 2015 ilijitoa katika pfSense, ambayo yenyewe ilikuwa imejitoa katika m0n0wall mwaka 2004.) Mimi, mhasibu mstaafu, ndiye niliyekabidhiwa kazi, macho na vidole vilikuwa vya kijana.

Mara ya kwanza kioo hakikuonyesha lolote la maana. Alikuwa amepakua faili la “serial”, ambalo hupeleka maneno yake kwenye waya wa tundu la serial badala ya kioo. Kosa hilo hata mafundi hulifanya. Akapakua lile la “vga”, kwa bando lake mwenyewe, nami nikanyamaza tu. Akalinganisha alama yake ya SHA256, herufi na tarakimu 64, akalifumua, akaliandika kwenye flashi. Safari hii mistari ilimiminika kiooni, tukaanza kutabasamu, mara ikasimama: “mountroot>”, na juu yake kosa namba 19.

“Umeliharibu tena,” nikamwambia.

“Mzee, alama zimelingana. Faili ni zima.”

“Zima gani hilo lisilowaka?”

Nikaongeza na mengine ambayo sitayaandika hapa, kuhusu vijana na haraka zao, na mwisho nikamwonyesha mlango. Akachomoa flashi yake taratibu, akaitia mfukoni, akasema, “Haya, Mzee,” akaenda zake. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

Usiku nilifanya kila kitu upya kwa mikono yangu, kwa flashi nyingine mpya. Kosa namba 19. Nikaliangalia kwa muda mrefu. Kisha nikaandika alama ya kuuliza mbele ya neno lile, ili mashine initajie diski inazoziona. Ikaitaja flashi! Ilikuwepo pale pale, nzima. Ndipo nilipoelewa kwamba mfumo ulipoamka ulikwenda kuitafuta flashi kabla tundu la USB halijamaliza kuitambua. Ukaikosa, ukatangaza kwamba haipo. Kumbe ilikuwa njiani.

Nikawasha tena, nikaisimamisha mashine kabla mfumo haujaanza kupanda, nikaandika: set kern.cam.boot_delay=10000. Hizo ni milisekunde. Kwa saa ya ukutani ni sekunde kumi. Nikaandika boot. Ikangoja, ikaiona flashi, ikapita moja kwa moja hadi kuniuliza jina la mtumiaji. Sikuendelea. Niliizima, nikalala bila usingizi.

Asubuhi nilikwenda kwao kabla ya chai. Mama yake alinikaribisha kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuambiwa. Kijana akatoka, “Shikamoo, Mzee.” Nikaitikia, nikamweleza kosa lilikuwa nini na la nani, na nikamwomba radhi mbele ya mama yake, kwa kuwa nilimvunjia heshima mbele ya mke wangu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akauliza:

“Sasa ikishakaa kwenye diski ya ndani, bado itahitaji kungojewa?”

Nikamwambia sidhani, ila twende tukaone. Nilimpa fedha ya bando. Aliikataa mara mbili, ya tatu akaipokea. Siku hiyo yeye ndiye aliyekaa kwenye kibodi. Mimi nilivuta kigoda nyuma yake, mikono nimeiweka magotini.