Paa Linalofundisha

Msafiri anayeshuka katika treni ya Madaraka kutoka Mombasa, akaingia Nairobi hadi mtaa wenye jina hilo hilo la Madaraka, atakikuta Chuo Kikuu cha Strathmore. Kiliasisiwa mwaka 1961 kwa misingi ya Kikatoliki. Nasi tulikwenda kutazama, kwani mtafuta elimu haulizi kisima ni cha nani kabla ya kujifunza namna maji yanavyotekwa.

Kilichotuvuta kiko juu ya mapaa. Mwaka 2014 chuo hicho kilitandaza paneli za sola zenye uwezo wa kilowati 600. Kuwasha taa kwa jua si ajabu siku hizi. Lililotushughulisha ni kwamba chuo kina kituo cha utafiti wa nishati kinachofundisha mafundi wa sola, na mtambo halisi wanao juu ya vichwa vyao. Wataalamu huliita jambo hili maabara hai: majengo, umeme, maji na taka za chuo zigeuke somo, zipimwe na wale wale wanaozitumia.

Turudi pwani, enyi wazazi wenzetu. Je, madrasa zetu zinafundisha nini kwa mifereji yake? Tunawasomesha watoto kuwa israfu imekatazwa, kisha wanatoka darasani kutawadha kwa mfereji uliofunguliwa hadi mwisho. Mtoto hushika akionacho kuliko aambiwacho. Na katika mitaa yetu yuko mama anayenunua maji kwa mtungi kutoka kwenye mkokoteni, huku bili ya msikiti ikilipwa kwa sadaka, pengine ya mama huyo huyo.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na akioga kwa pishi hadi mudi tano. Mudi ni robo ya pishi, nayo ndiyo kibaba chetu. Akina mama mnavijua vipimo hivi kwa mchele na kwa Zaka ya Fitri.

Waliotutangulia nao walichunga. Katika magofu ya Gede, Msikiti Mkuu una kisima na birika. Maji yanayotekwa kwa mkono hayamwagwi ovyo.

Basi tusingoje kujengewa chuo kikuu. Nyumbani, mpe mwanao kopo la kibaba atawadhe nalo. Madrasani, wanafunzi, wavulana kwa mabinti, wakinge kwa ndoo maji ya udhu wa mfereji, wayapime, waandike hesabu ubaoni kila wiki, na maji hayo yamwagiliwe miti ya uani. Atakayeona tarakimu zinashuka kwa mkono wake atakuwa ameisoma fiqhi ya maji kwa vitendo.

Allah atuwafikishe kuitunza neema kabla haijaondoka. Amin.