Gari la familia ni amana, si pambo

Kwa miaka minane tulisafiri kwa daladala na mabasi, sisi na watoto wetu wanne, pamoja na bibi yao ambaye magoti yake yamechoka. Kila Idd ilipokaribia tulikuwa tukihesabu nauli za watu saba kwenda Tanga na kurudi Dar es Salaam, kisha tukaomba dua kwamba siku moja Allah (SW) aturuzuku chombo chetu wenyewe. Alhamdulillah, dua ile ilijibiwa. Tulinunua gari lililokwisha kutumika Japani, moja kati ya yale ya safu tatu za viti ambayo ndugu zetu wengi wanayapenda, mfano wa Noah, Voxy na Sienta.

Tunakiri kwamba siku ya kulichagua tulitazama mambo ambayo jicho huyawahi. Tulipenda rangi yake, na tukafurahi kuona kiyoyozi kinapuliza baridi hadi nyuma. Tulipenda mno milango yake ya ubavuni inayoteleza, kwa kuwa bibi aliweza kuingia bila kuinama sana, wala watoto hawakuweza kuigonga milango hiyo kwenye gari la jirani. Hayo yote ni mema, na kumpunguzia mzazi taabu ya kupanda na kushuka ni katika kumtendea ihsani. Lakini hatukuuliza hata swali moja kuhusu usalama. Tulipofika nyumbani tukampa fundi kazi ya kushona kava nzuri za viti, naye akazivalisha juu ya vifungio vya mikanda vya viti vya nyuma. Tukaliona gari limependeza.

Mwaka huo huo tulisafiri kwenda kusalimia wazee. Mmoja wetu alikuwa kwenye usukani, mwingine ameketi mbele akiwa amempakata kitindamimba wetu, wakati huo ana umri wa mwaka mmoja na nusu. Kati ya Chalinze na Segera mbuzi walikatiza barabara ghafla. Tulikanyaga breki, gari likasimama, wala hatukumgusa mbuzi hata mmoja. Lakini mtoto alichomoka mikononi, paji lake la uso likagonga dashibodi. Damu ilikuwa nyingi. Katika kituo cha afya cha jirani alishonwa nyuzi tatu, na muuguzi aliyekuwa akimhudumia aliuliza kwa upole, "Mtoto alikuwa amekaa wapi?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Swali lile tulirudi nalo nyumbani, na hadi leo tunalo.

Jamaa waliokuja kutupa pole walitufariji kwa maneno tuliyoyazoea, kwamba ajali haina kinga. Sisi tunaamini kadari, heri yake na shari yake. Lakini tulikumbuka habari aliyoipokea Imam Tirmidhi, ya yule mtu aliyemuuliza Mtume (SAW) kama amfunge ngamia wake ndipo ategemee kwa Allah, au amwache huru na kutegemea. Akaelekezwa amfunge, kisha ategemee. Sisi ngamia wetu hatukuwa tumemfunga. Tulikuwa tumezifunika kamba zake kwa kava za mapambo.

Tukaanza kujifunza, japo kwa kuchelewa. Tulielewa kwamba nguvu za mzazi, hata awe na mapenzi kiasi gani, hazitoshi. Katika mgongano wa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu inayoweza kuzidi uzito wake mara 20, na hakuna mikono ya kuzuia kilo 200. Kinachozuia ni mkanda. Mkanda huu tunaoujua leo, unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa mwaka 1959 na mhandisi wa Sweden, Nils Bohlin, aliyekuwa akifanya kazi Volvo, na kampuni hiyo ikawaachia watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Kheri kama hiyo imewekwa ndani ya gari letu, nasi tuliikalia.

Tulipeleka gari kwa fundi mwaminifu. Alichana kava, akavitoa vifungio vyote na kuvijaribu kimoja kimoja. Kisha akatuonyesha jambo lililotushtua zaidi. Unapowasha gari, taa ya mifuko ya hewa yapasa iwake kwenye dashibodi kwa sekunde chache halafu izimike. Ya kwetu haikuwaka kabisa, nasi tulidhani ndiyo dalili ya uzima. Kumbe aliyetuuzia, au aliyelimiliki kabla yake, alikwisha kuiondoa taa ili ubovu usionekane. Kuficha aibu ya bidhaa ni dhulma, lakini na mnunuzi naye ana wajibu wa kufungua macho. Fundi akatuambia pia kwamba hata mifuko ile ingekuwa mizima, mtoto aliyepakatwa mbele ndiye ambaye angepigwa nayo kwanza, kwa kuwa hufumuka kwa kasi kubwa mno.

Mambo mengine aliyotufundisha hayakutugharimu kitu. Ubavuni mwa tairi pana tarakimu nne zinazoeleza wiki na mwaka wa kutengenezwa kwake. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na huku mpira wake umezeeka. Kwenye ukingo wa mlango wa nyuma pana kitufe kidogo cha kuzuia mtoto asiufungue kutoka ndani. Na mizigo mizito hukaa chini kwenye buti, kwani ndoo iliyopangwa juu ya viti hugeuka kombora gari likisimama ghafla.

Kazi ngumu ilibaki ndani ya nyumba. Tuliponunua kiti cha mtoto kinacholingana na uzito na urefu wake, tukakifunga safu ya pili, bibi alikasirika. "Mjukuu wangu hupakatwa," alisema, "hafungwi kama mbuzi wa kupelekwa mnadani." Hatukumjibu kwa sauti ya juu. Tulimwambia, "Mama, tuwie radhi. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba watoto ni amana, na mwenye amana ataulizwa." Akanyamaza. Kisha akanyoosha mkono, akaligusa kovu katika paji la mjukuu wake, akasema, "Haya, mfungeni. Lakini mimi nitakaa pembeni yake." Na hapo ndipo anapokaa mpaka leo, mkono wake mmoja ukiwa umeshikwa na mtoto.

Siku hizi safari zetu zina utaratibu. Maji ya kutawadhia na misala huwekwa mahali pa kufikika, ili wakati wa swala usitupite njiani. Kisha bibi, ambaye zamani aliuona mkanda kuwa ni usumbufu, huita majina ya wajukuu mmoja baada ya mwingine na kusubiri asikie mlio wa kila kifungio. Asiposikia, gari haliondoki. Zikitimia sauti zote saba, ndipo husoma dua ya safari, nasi tukaitikia amin.

Ewe ndugu yetu mwenye gari, Ijumaa hii kabla ya kuwapakia watoto, inua kava za viti vyako utazame chini yake.