Mume Wangu, Mimi na Demo ya Sekunde 75

Umewahi kusikiliza sauti yako kwenye simu ukajiuliza, hivi kweli huyu ni mimi? Usijali, hauko peke yako. Unapoongea, sehemu ya sauti yako unaisikia kupitia mifupa ya kichwa chako mwenyewe, ndiyo maana unaiona nzito. Wenzako wanaisikia kupitia hewa tu. Kwa hiyo ile unayoikimbia kwenye simu ndiyo wanayoijua wanaokupenda. Na si ajabu ndiyo itakayokuingizia hela ya ziada, kama ilivyotokea kwangu.

Mimi ni ofisa mikopo katika chama cha akiba na mikopo hapa Katesh, wilayani Hanang. Mume wangu anafundisha sekondari mjini Mbulu. Ndoa yetu ina miaka sita, na barabara imepita katikati yake. Ijumaa jioni napanda gari Katesh, nashuka Dareda, nadandia jingine linalopanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Dongobesh hadi Mbulu. Jumapili safari inageuka. Siku zilizobaki ni simu, saa tatu usiku. Kwa maneno mengine, ndoa yetu kwa sehemu kubwa inaishi kwenye sauti.

Kazi yenyewe ni ipi?

Watu wakisikia habari ya kuingiza sauti wanadhani ni utangazaji wa redio. Ni ndugu hao, lakini si mapacha. Mtangazaji ana kipindi na mshahara wake. Mwingiza sauti anapewa maandishi, anayasoma, analipwa kwa kazi hiyo, basi. Ndiyo sauti ya tangazo la mbegu, ya filamu fupi ya mradi wa afya, ya simu inayokwambia bonyeza moja.

Wakongwe mnamkumbuka Lufufu, aliyesimulia filamu za nje kwa Kiswahili hadi mabanda ya video yakajaa. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina kuhusu binti Doudou na mambo ya mama mkwe, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Mwaka 2016 StarTimes waliendesha shindano la kuingiza sauti Dar es Salaam, na washindi wakaenda kufanya kazi Beijing. Azam nao wakatuletea Sultan ya Waturuki ikiongea Kiswahili sanifu.

Utasema hayo ni ya mjini. Huku kwetu kazi ya sauti inaanzia kwenye gari la matangazo: spika mbili juu ya paa, flashi moja, na dereva anayezunguka siku ya mnada. Mimi nilianzia hapo hapo. Chama chetu kilikuwa na mkutano mkuu, meneja akanitazama akasema, "Dada, wewe una sauti, tusomee." Nikasoma. Sikulipwa hata soda, lakini mwenye gari akachukua namba yangu.

Desemba 2023

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na maeneo ya jirani kama Gendabi. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Shule ziligeuzwa kambi za waliokosa makazi. Nyumba niliyopanga ilikuwa mbali na njia ya tope, nikapona.

Kesho yake mwenye gari la matangazo alinifuata. Kulikuwa na mambo ya kutangaza: chakula kinagawiwa wapi, nani anamtafuta nani, mtoto gani yuko kambi gani. Nilisoma majina. Hapo ndipo nilipojua maana ya kusoma polepole, kwa sababu nyuma ya kila jina kulikuwa na mtu amesimama, anasubiri.

Simu yangu ilikuwa imezimika, umeme hakuna. Mume wangu huko Mbulu alikuwa amepiga tangu jana yake bila majibu. Mchana ule mtu akarusha kipande cha video kwenye kundi la walimu la WhatsApp. Picha ilionyesha tope tu. Lakini nyuma ya picha, kwenye spika, kulikuwa na mwanamke anasoma majina. Alisikiliza mara tatu, akainuka, akaenda stendi. Usiku alikuwa mlangoni kwangu, viatu vimejaa udongo.

"Sasa iuze sabuni?"

Miezi kadhaa baadaye nikamwambia nataka kurekodi demo, nijaribu kupata kazi za matangazo. Nilitegemea aulize gharama. Wapi! Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mke wangu, sauti hiyo ndiyo iliyoniambia uko hai. Sasa iuze sabuni?"

Hapo sasa. Hakuwa na wivu wala hakuwa mkorofi. Alikuwa na kitu anachokithamini, akaona nakipeleka sokoni. Tulilijadili wiki mbili nzima kwenye simu ya saa tatu. Mimi hoja yangu ilikuwa moja: watu wa Katesh walisimama kunisikiliza siku ile kwa sababu walinielewa na kuniamini. Kitu hicho hakiishi kwa kutumika. Kinaisha kikitumika vibaya.

Basi tukakubaliana kwa maandishi, kwenye daftari lake la maandalio ya somo. Kwanza, mtaji ni shilingi 120,000 za akiba yangu, na hela ya kodi haiguswi. Pili, yapo matangazo nisiyosoma hata kwa dau gani: dawa za miujiza, kamari, na mikopo umiza, maana hiyo mimi nimeona inavyovunja nyumba za watu. Tatu, saa tatu usiku ni yetu, mteja atasubiri kesho. Akaweka sahihi, nikaweka yangu. Tukacheka.

Chumba cha kulala, studio

Demo si kitu cha kutisha. Ni sampuli ya sauti yako, dakika moja hadi moja na nusu, yenye vipande vifupi vinavyotofautiana. Kilicho bora kinakaa mwanzo, kwa sababu anayeajiri haangojei.

Niliandika vipande vinne mwenyewe. Sikuchukua tangazo la kampuni inayojulikana, kwa sababu msikilizaji atadhani ulishafanya kazi kwao, na huo ni uongo. Kimoja duka la pembejeo linalouza mbegu za alizeti. Kimoja ujumbe wa kliniki kwa mama mjamzito. Kimoja simulizi ya Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Cha mwisho mazungumzo ya bibi na mjukuu kuhusu vitunguu saumu vya Mbulu, sauti zote mbili zangu. Nilipopima kwa saa, sekunde 30 zilibeba maneno kama 60 hivi. Ukizidisha unaanza kukimbia.

Mazoezi tulifanyia Mbulu, kwa sababu nyumba yangu ya Katesh imepakana na mashine ya kusaga. Tuliegemeza godoro ukutani, tukatundika mablanketi mawili ili sauti isirudi na mwangwi, simu tukaiweka umbali wa shubiri moja, pembeni kidogo ya mdomo ili "p" na "b" zisipige. Mume wangu alishika saa na kalamu. Mvua ikigonga bati, tunasimama. Jogoo akiwika, tunarudia. Mwalimu yule hana huruma, kipande cha kliniki nilikisoma mara kumi na tisa.

Baadaye nikalipia saa moja katika studio inayorekodi kwaya. Prodyuza akasikiliza, akatikisa kichwa: "Una sauti, ila toa hiyo lafudhi ya kwenu. Ongea kama wa Dar."

Msomaji, mimi ni Mwiraqw. Lugha yangu ina sauti zinazotoka kooni kabisa, kama zile za Kiarabu, na majina yake yanaanza na herufi zinazowashinda wageni, kama Tlawi. Jirani zangu wa Hanang ni Wadatoga, lugha yao ni nyingine kabisa. Wapo Wabantu, wapo Wahadzabe. Sisi sote tukikutana mnadani, kinachotuunganisha ni Kiswahili, na kila mtu anakuja nacho na ladha ya nyumbani. Kutamka vizuri ni lazima: "r" na "l" zikae mahali pake, maneno yasimezwe. Ila kuigiza umezaliwa Kariakoo ni kazi nyingine. Nikamwomba arekodi namna mbili, duka la pembejeo kwa mtindo anaoutaka yeye, kliniki kwa sauti yangu. Kwenye demo nikaiweka kliniki mbele. Jumla sekunde 75.

Matokeo, bila chumvi

Niliituma sehemu 14: redio, studio, watu wa miradi, maduka. Wanne walijibu, wawili wakanipa kazi. Duka la pembejeo lilinilipa shilingi 40,000. Mradi mmoja wa afya ya uzazi ulinilipa shilingi 250,000 kwa ujumbe sita, na mhusika akaniambia alinichagua kwa kuwa nasikika kama nesi wa hapa hapa. Bado ofisini naripoti saa mbili asubuhi. Hii ni hela ya pili, na imeshalipa ada ya muhula.

Kabla ya kusoma neno moja, uliza: tangazo litachezwa wapi, kwa muda gani, na likirudiwa mwakani unalipwaje? Viandikwe. Siku hizi ongeza na hili: sauti yako isitumike kufundishia mashine inayoiga sauti za watu, isipokuwa kwa ruhusa na malipo yako. Kompyuta ikishakuiga, itasoma usiyoyajua, pengine hata hiyo mikopo umiza.

Na kama una mwenzako, msimulie mapema, kabla ya kutoa shilingi. Usimwombe ruhusa kama mtoto, wala usimfanyie surprise. Muulize sauti yako kwake ni nini. Jibu linaweza kukushangaza, na ndilo litakaloonyesha mipaka ya kazi yako. Wangu sasa ndiye mhariri wangu. Akisikia tangazo langu kwenye spika pale stendi ya Mbulu, ananipigia: "Leo umemeza neno la mwisho."

Saa tatu usiku lakini, si mchana. Mkataba ni mkataba.