Mbayuwayu wa Barazani Kwetu

Upenuni pa baraza yetu, hapa Tanga, palikuwa na kiota cha udongo, umbo lake kama kibuyu kilicholazwa, na shingo ya kibuyu hicho ndiyo njia ya kuingilia. Mwenye kiota tukimwita mbayuwayu, kama tuwaitavyo wote wa jamaa yake. Watoto walipotuuliza habari zake tuliwajibu bila ya kusita kwamba huyu ni msafiri, huja kwetu Ulaya inapoingia baridi, kisha hurejea. Maneno hayo tuliyasoma utotoni katika kitabu cha shule, nayo ni kweli. Kosa letu ni kuwa hayakumhusu ndege yule.

Mwaka 2018, wiki mbili kabla ya kuingia Ramadhani, tulipaka nyumba chokaa. Ilikuwa mwanzo wa Mei, na makundi ya mbayuwayu yaliyokuwa yakijipanga juu ya nyaya za umeme yalikuwa yamekwisha toweka. Tukamwambia fundi, "Kivunje tu, wenyewe wamekwenda zao." Fundi akagonga kwa mpini wa brashi, na pamoja na vipande vya udongo yakaanguka makinda matatu, hata manyoya hayajaota. Mwanetu, ambaye umri wake ulikuwa miaka minane, akatutazama akasema, "Baba, si ulituambia wamekwenda Ulaya?" Hatukuwa na jawabu. Wazazi wa makinda yale walizunguka juu ya baraza mpaka adhana ya Magharibi.

Jirani yetu mmoja, mwalimu wa elimu ya viumbe, ndiye aliyetuelimisha, tena kwa upole kuliko tulivyostahili. Jina ni moja, alisema, lakini ndege ni mbalimbali. Yule msafiri ana mgongo wa buluu iliyokoza, kipaji na koo rangi ya matofali, mkanda mweusi chini ya koo, na tumbo jeupe lisilo na michirizi. Wengi humtambua kwa manyoya mawili marefu ya mkiani. Walakini, ndugu msomaji, alama hiyo usiitegemee sana hapa kwetu, kwa kuwa huyabadili manyoya yake akiwa ugenini, na wale waliozaliwa mwaka huo huja na mikia mifupi. Huwasili tangu Septemba, huondoka Machi na Aprili, na muda wote huo hajengi kiota huku kwetu wala hatagi. Usiku hulala matetini pamoja na wenzake kwa maelfu.

Wa barazani kwetu ana kichwa na kiuno rangi ya kutu, na kifua cheupe kilichojaa michirizi myeusi, kana kwamba mtu amempiga mistari kwa kalamu. Huyu ni mwenyeji wa Afrika, Ulaya haijui. Hapa pwani hupenda kujenga wakati wa masika, maana mvua ndiyo impayo tope la kujengea na wadudu wa kulisha watoto. Basi sisi tuliivunja nyumba yake katika miezi ile ile aihitajiyo. Yuko na wa tatu, mkubwa kuliko hawa, ambaye Waingereza wamemwita mbayuwayu wa msikiti. Tulicheka tuliposikia kuwa yeye hupenda zaidi tundu la mti, kama vile la mbuyu.

Hata hivyo, hatukuacha kumstaajabia yule msafiri. Uzito wake hupata kama gramu 20. Mwezi wa Mei 1911, wakili John Masefield alimvisha mmoja pete nyepesi mguuni, nyumbani kwake Staffordshire, Uingereza. Na Desemba 1912 ndege huyo huyo akapatikana Natal, Afrika Kusini. Kabla ya hapo watu walikuwa wakikisia tu waendako mbayuwayu wa Uingereza.

Mwezi wa Juni wale wetu wawili walirudi, wakaanza upya mahali pale pale, kidonge baada ya kidonge cha tope juu ya chokaa mpya. Tope likachirizika ukutani. Mama watoto alilalamika kidogo, kisha akanyamaza. Sasa kila tupakapo chokaa fundi huiruka sehemu ile, na wageni huuliza pana nini. Anayewajibu ni mwanetu, naye hukieleza kisa tangu mwanzo, kwa maneno yale yale tuliyomwambia fundi.