Usiku ambao bandeji ya jicho ilidondoka

Ilikuwa saa nane usiku na dakika kadhaa mdogo wangu aliponigusa bega. "Dada, kuna kitu kimetoka jichoni," alisema. Niliwasha tochi ya simu nikaielekeza ukutani, maana mwanga ulikuwa unamchoma. Kwenye foronya ya mto kulikuwa na kitu kidogo cha duara, chembamba na chenye kuangaza, kama utando unaoupata ndani ya ganda la yai.

Nilikijua. Ilikuwa lenzi laini ambayo daktari alimwekea siku moja kabla, alipomaliza kumfanyia upasuaji wa konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho. Hospitali waliiita bandeji. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha inabaki mahali pake mpaka siku ya kurudi kliniki.

Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kuichukua, kuisuuza kwa maji ya kunywa na kumrudishia jichoni kabla mama hajaamka. Huu ni mwaka wangu wa nne wa kuandika habari za afya. Nimehudhuria semina nyingi na nimewahoji madaktari wengi. Bado hilo ndilo wazo lililonijia saa nane usiku.

"Huyu si kipofu, ni mvivu"

Mdogo wangu ana miaka 18. Tangu akiwa shule ya msingi, macho yake yalikuwa yanawasha, hasa wakati wa vumbi. Alikuwa akiyafikicha kwa vifundo vya vidole, kwa nguvu, mpaka yanakuwa mekundu. Nyumbani Ifakara tuliizoea tabia hiyo kama watu wanavyozoea mtoto anayenyonya kidole. Mama alimkataza, yeye akaacha kwa dakika mbili, kisha akaendelea.

Kidato cha pili alipewa miwani. Hadi anamaliza kidato cha nne alikuwa amebadilisha miwani mara tatu, na matokeo yake yalikuwa yanashuka. Walimu walisema anakaa mbele lakini ananakili namba vibaya. Tatu anaandika nane. Mimi, dada mkubwa niliyesoma chuo kikuu, nilikuwa nampigia simu kutoka Dar es Salaam na kumgombeza. Nilimwambia aache simu na aache kukesha. Siku moja nikamwambia mama, naye akisikia, "Huyu si kipofu, ni mvivu."

Maneno hayo niliyasema mimi. Nayaandika hapa kwa sababu najua si dada peke yangu niliyewahi kuyasema.

Mwaka huu alikuja kunitembelea. Jioni moja tulikuwa kituoni tunasubiri daladala, nikamwambia aniangalizie inayokuja inakwenda wapi. Akakaa kimya. Basi liliposimama na konda akaanza kupiga kelele, ndipo akasema, "Hili la kwetu." Nikamuuliza kwa nini asisome kibao. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Dada, usiku taa moja naziona tatu, tena zina mikia. Kibao nakiona kama kimeandikwa juu ya maji."

Wiki iliyofuata tulikuwa kwa daktari bingwa wa macho.

Tunalipia nini?

Walimpiga picha ya konea, inayotoka kama ramani yenye rangi. Daktari alituonyesha sehemu ya chini iliyokuwa nyekundu. Akatueleza kwamba konea ya kawaida ina umbo kama mgongo wa bakuli, na katikati unene wake ni kama nusu milimita tu. Ya mdogo wangu ilikuwa imezidi kuwa nyembamba na imeanza kuchongoka mbele kama koni. Ugonjwa huo unaitwa keratokonasi. Mara nyingi huanza katika umri wa kubalehe na kuendelea kwa miaka mingi. Mzio wa macho na kuyafikicha sana ni miongoni mwa mambo yanayouchochea. Ndiyo maana kila miwani mpya ilimfaa kwa muda mfupi tu: umbo la jicho lenyewe lilikuwa linabadilika.

Tiba aliyopendekeza ni ya kuikaza konea. Ilibuniwa Dresden, Ujerumani, na matokeo yake ya mwanzo kwa wagonjwa yalichapishwa mwaka 2003. Daktari hukwangua ngozi nyembamba ya juu ya konea, kisha hudondoshea matone ya riboflavini, ambayo ni vitamini B2, kwa takriban nusu saa. Baada ya hapo jicho humulikwa kwa mionzi ya urujuanimno. Vitamini na mwanga vikikutana, nyuzi za ndani ya konea hushikamana zaidi na kuwa ngumu.

"Lakini haitamrudishia uwezo wa kuona alioupoteza," daktari alisema. "Kazi yake ni kuzuia asipoteze zaidi."

Mama alikuwa ametoka Ifakara usiku ule ule. Mpunga wake aliokuwa ameuhifadhi akisubiri bei ipande ndio ulikuwa uuzwe. Akauliza kwa heshima, "Sasa daktari, tunalipia nini?"

Daktari hakukasirika. Alimjibu, "Mama, mnalipia jicho libaki hapa lilipo. Tukichelewa, siku moja tutazungumza habari ya kupandikiza konea ya mtu mwingine." Mama aliiangalia ile ramani kwa muda, akasema mpunga utauzwa.

Bandeji inayowekwa ndani ya jicho

Walianza na jicho la kushoto, lililokuwa baya zaidi. Alitiwa ganzi ya matone, akabaki macho muda wote. Mwishoni, daktari alimwekea ile lenzi. Haina nguvu ya kukuza wala kurekebisha chochote; ukiivaa wewe na mimi hatutaona tofauti. Muuguzi aliyetuelekeza alisema, "Mguu ukichubuka unafungwa kitambaa. Hapa hatuwezi kufunga kitambaa, kwa hiyo tunafunga na hii."

Nilimwomba anieleze zaidi, maana ndiyo kazi yangu. Konea ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye neva nyingi kuliko zote. Ngozi yake ya juu ikitolewa, neva hizo zinabaki wazi, na kila unapopepesa jicho kope inapita juu ya kidonda. Lenzi inakaa katikati, kope inateleza juu yake. Maumivu yanapungua, na chini yake seli mpya zinapata nafasi ya kutambaa kutoka pembeni kuelekea katikati bila kukwanguliwa. Kwa kawaida kidonda hicho hujifunga ndani ya siku tatu hadi tano.

Jambo jingine sikulijua. Konea haina mishipa ya damu, hivyo hewa yake ya oksijeni inaipata hasa kutoka nje kupitia machozi. Ukiifunika kwa kitu kisichopitisha hewa, unaikaba. Lenzi laini ya kwanza iliyofaa ilitengenezwa na mkemia Otto Wichterle huko Czechoslovakia mwishoni mwa mwaka 1961, kwa mashine aliyoiunga nyumbani kwa vifaa vya kuchezea vya watoto. Lenzi za sasa zenye silikoni, zilizoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990, zinapitisha hewa nyingi zaidi, ndiyo maana daktari anaweza kumruhusu mgonjwa alale nayo.

Msomaji asidhani kwamba lenzi inaondoa maumivu yote. Usiku wa kwanza mdogo wangu alilia machozi mpaka mto ukalowa. Tulitundika khanga mbili dirishani. Aliomba apewe yale matone ya ganzi aende nayo nyumbani, daktari akakataa kabisa: yanachelewesha kidonda kupona, na yakitumika mara kwa mara yanaweza kuiharibu konea yenyewe. Alipewa vidonge vya maumivu, matone ya kuzuia maambukizi, matone ya kupunguza uvimbe na machozi ya bandia.

Siku ya pili shangazi alikuja kumjulia hali, amebeba kichupa cha maziwa ya mama aliyejifungua mtaani kwake. "Nyote mmekua kwa haya," alisema. Nilimshukuru, nikamweleza kwamba jicho hili lina kidonda kibichi na chochote kisichotoka kwa daktari kinaweza kuleta vijidudu. Alinuna kidogo. Mama akamwambia, "Wifi, tuliuza mpunga kwa ajili ya hilo jicho. Tumwachie daktari." Yakaisha, tukanywa chai.

Saa tano za kungoja

Sasa nirudi kwenye ule usiku. Kilichomwokoa mdogo wangu kutoka kwenye mikono yangu ni karatasi. Muuguzi alikuwa ametuandikia maelekezo, na mama, ambaye haamini kumbukumbu za watu, alikuwa ameyabandika nyuma ya mlango. Mstari wa nne ulisema: ikitoka, usiirudishe. Lenzi iliyogusa mto au maji inabeba vijidudu, na chini yake kuna kidonda kisicho na ngozi ya kujikinga.

Nilipiga namba iliyokuwa chini ya karatasi. Daktari wa zamu alipokea. Alisema tuendelee na matone kama kawaida, tumpe kidonge cha maumivu, asifikiche, na saa moja asubuhi tuwe kliniki.

Tulikaa kitandani mimi na yeye mpaka kunakucha. Kila akipepesa jicho alinibana mkono. Nilifahamu kwa nini lenzi ilitoka: jioni alilalamika joto, nikamruhusu avue ile kinga ya plastiki ya kulalia. Alilala kifudifudi, mto ukaivuta.

Karibu na adhana ya alfajiri aliniuliza, "Dada, sasa unaamini kwamba nilikuwa siigizi?"

Nilimwomba msamaha. Nilimwambia nilikosea tangu siku ile ya simu, na nikamwambia nitalirudia mbele ya mama kama nilivyomtukana mbele yake. Asubuhi, kabla ya kupanda bajaji, nililirudia.

Kliniki walimdondoshea rangi inayong'aa kijani penye kidonda jicho likimulikwa kwa mwanga wa bluu. Kidonda kilikuwa kimeanza kupungua kutoka pembeni, hakukuwa na maambukizi. Akawekewa lenzi nyingine, mpya. Siku ya tano, kidonda kikiwa kimefunga, daktari akaitoa mwenyewe.

Kwa atakayemuuguza mtu nyumbani

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kila tone. Chupa ya dawa isiguse kope wala lenzi. Maji ya bomba yasiingie jichoni wakati wa kuoga. Kinga ya kulalia isivuliwe, hata kukiwa na joto kiasi gani. Lenzi usiitoe wala usiirudishe mwenyewe. Na ukiona maumivu yanazidi badala ya kupungua, jicho linazidi kuwa jekundu, linatoa usaha, uoni unashuka au kuna doa jeupe kwenye kioo cha jicho, usisubiri siku ya miadi. Nenda siku hiyo hiyo.

Ramani ya miezi mitatu imeonyesha kwamba jicho la kushoto halijachongoka zaidi. La kulia linasubiri zamu yake. Mdogo wangu bado haoni vizuri bila msaada, ila daktari amesema sasa anaweza kupimwa lenzi ngumu, kwa kuwa umbo la jicho limetulia.

Mama amerudi Ifakara. Nasikia mtoto yeyote akifikicha macho barazani kwake anaambiwa ashushe mikono, na mzazi wake anaulizwa kama ameshampeleka kupima macho. Shangazi naye, nimeambiwa, anamsaidia kuuliza.