Chimbuko la Chama cha Heshima katika Sekondari za Marekani

National Honor Society, chama kinachowatunuku wanafunzi bora wa sekondari nchini Marekani, kilianzishwa mwaka 1921 na umoja wa kitaifa wa wakuu wa shule hizo. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Desemba 1776 wanafunzi wachache wa Chuo cha William & Mary, Virginia, waliunda Phi Beta Kappa, kikundi cha siri cha mijadala na fasihi ambacho baadaye kiligeuka kuwa tuzo kuu ya usomi vyuoni. Sekondari zilichelewa. Cum Laude, iliyoanza mwaka 1906, ilienea zaidi katika shule za binafsi. Kwingineko kila shule ilikuwa na utaratibu wake, na heshima aliyopewa mwanafunzi huku haikutambulika kule.

Aliyelivalia njuga jambo hilo ni Edward Rynearson, mkuu wa Sekondari ya Fifth Avenue mjini Pittsburgh, na tawi la kwanza lilifunguliwa shuleni kwake. Wakati ulikuwa mwafaka. Mwaka 1910 vijana waliohitimu sekondari hawakufika hata mmoja katika kila kumi. Kufikia 1940 walikuwa karibu nusu. Katika shule zilizofurika namna hiyo, mchezaji hodari alishangiliwa na wote, ilhali aliyekesha na vitabu alihitaji wa kumtambua.

Jambo la busara kuliko yote ni kwamba waasisi hawakuridhika na alama za mitihani peke yake. Waliweka nguzo nne: usomi, huduma, uongozi na tabia njema. Nembo ya chama ni lile jiwe la katikati linaloshikilia tao lisibomoke, na juu yake mwenge unaowaka. Katika shule nyingi wanachama wapya hupokelewa kwa mishumaa minne, mmoja kwa kila nguzo, kisha hula kiapo mbele ya wazazi na walimu.

Chama kilikua upesi. Tawi la wanafunzi wadogo lilianzishwa mwaka 1929, ufadhili wa masomo ukafuata katika miaka ya 1940, na shule za msingi zikapata chama chao mwaka 2008.

Nguzo iliyoleta mtihani mkubwa ni tabia. Wastani wa alama, usiopungua asilimia 85, hauna ubishi. Tabia huamuliwa na walimu watano walioteuliwa na mkuu wa shule, na hapo ndipo mtu anapoweza kuonewa. Mwaka 1998, katika jimbo la Kentucky, wasichana wawili wenye alama za kutosha walinyimwa uanachama, mmoja akiwa mjamzito na mwingine ameshazaa. Jaji wa shirikisho aliamuru wapokelewe, kwa kuwa sheria ya mwaka 1972 inakataza ubaguzi wa kijinsia shuleni. Ilikuwa amri ya haki: kigezo cha maadili kinachomwandama msichana na kumwacha mvulana hakistahili jina hilo.

Kanuni za chama zinamlinda pia aliyekwisha kuingia. Mwanachama aliyeteleza, kwa alama au kwa mwenendo, hafukuzwi hivi hivi. Huarifiwa kosa lake kwa maandishi na hupewa nafasi ya kujitetea mbele ya walimu hao hao watano kabla hawajaamua.