Mafahali Watatu na Mpira Mmoja

Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tunaofundisha Kiswahili mjini Bujumbura, na ambao jioni husimamia timu ya wanafunzi ya mpira wa kikapu, tuliwahi kupata mafahali watatu kwa mpigo. Wote walihamia shuleni kwetu mwaka mmoja. Kila mmoja alikuwa tegemeo la timu alikotoka, na kila mmoja alizoea mpira umfikie yeye kwanza. Tulifurahi mno, tukadhani kombe limekwisha kuwa letu. La hasha! Tulifungwa mchezo baada ya mchezo, tena na timu zisizokuwa na nyota hata mmoja.

Hesabu ya mchezo huu ni ngumu kwa sababu wachezaji ni watano na mpira ni mmoja. Katika mashindano makubwa, timu inayoupata mpira ina sekunde 24 tu za kuutupa kikapuni. Nyota aliyezoea kuudunda huku wenzake wakimtazama huzimaliza sekunde hizo peke yake. Wakiwapo watatu wa namna hiyo, daima wawili husimama wakingoja. Na mchezaji anayengoja huishiwa na hamu, hata ulinzi wake ukalegea.

Tulikata shauri kwa ukali. Tulimwita mmoja wa wale watatu, aliyekuwa mpole kuliko wenziwe, tukamwamuru kwamba tangu siku ile kazi yake ni kulinda tu, asitupe mpira kikapuni. Alitii. Baada ya majuma mawili alileta fulana ya timu, akaiweka juu ya meza yetu imekunjwa vizuri, wala hakucheza tena. Tulisema moyoni kwamba ana kiburi. Miaka kadhaa ilipita kabla hatujatambua kwamba kosa lilikuwa letu.

Kilichotufumbua macho ni habari za timu ya Boston Celtics ya Marekani. Katika msimu wa 2006-07 timu hiyo ilishinda michezo 24 na kushindwa 58. Mwaka 2007 ikawaleta Ray Allen kutoka Seattle na Kevin Garnett kutoka Minnesota, wakaungana na Paul Pierce aliyekuwapo. Katika msimu uliotangulia, Allen alikuwa akipata wastani wa pointi 26.4 kwa mchezo, Pierce 25.0, na Garnett 22.4, jumla yao 73.8. Walipoingia zizi moja, Pierce alishuka hadi 19.6, Garnett 18.8, na Allen 17.4; jumla 55.8. Yaani watatu hao waliacha pointi 18 katika kila mchezo! Na timu ikawaje? Ilishinda michezo 66, ikashindwa 16, na mwezi wa Juni 2008 ikatwaa ubingwa kwa kuishinda Los Angeles Lakers michezo 4 kwa 2.

Tulipochunguza, tuliona kwamba kila mmoja alipunguziwa mpira, lakini hakuna aliyepunguziwa kazi. Allen alikimbia bila mpira, akizunguka nyuma ya wenzake waliomkingia njia, akaupokea pembeni tayari kuutupa kutoka mbali. Hata asipopewa, aliyemlinda hakuthubutu kumwacha, na kwa hiyo nafasi ilifunguka kwa wengine. Garnett aliongoza ulinzi, akachaguliwa mlinzi bora wa ligi mwaka huo. Pierce aliaminiwa mpira mchezo ulipokuwa mgumu. Na mgawaji wa mpira hakuwa mmojawapo wa hao watatu, bali kijana Rajon Rondo, aliyekuwa katika msimu wake wa pili tu.

Mwalimu wao, Doc Rivers, aliwapa neno moja la kuitikia kila walipokusanyika: Ubuntu. Lilitoka katika lugha za Afrika Kusini, lakini sisi wa Burundi hatukuhitaji mkalimani. Kirundi husema umuntu na ubuntu, kama Kiswahili kisemavyo mtu na utu. Tena kwetu ubuntu ni ukarimu pia, na kitu kitolewacho bila malipo husemwa kwamba kimetolewa ku buntu. Tuliposikia neno hilo likitoka vinywani mwa wachezaji wa Boston, tulimkumbuka kijana wetu na fulana yake. Wale walitoa, yeye tulimnyang'anya. Atoaye hubaki na heshima yake, lakini anyang'anywaye hubaki na aibu. Hatukumweleza ni kazi gani ya heshima inayomngoja.

Hatusemi kwamba neno moja latosha. Mwaka 2012 Allen aliiacha Boston akaenda Miami, na zizi likaanza kutawanyika. Utu, kama bustani, hutaka kumwagiwa maji kila siku.

Ndugu walimu, jambo hili haliishii uwanjani. Darasani mwetu wamo watoto wa Buyenzi, ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwao, na wamo waliotoka milimani, ambao Kiswahili wamekikuta shuleni. Tukiuliza swali, mikono ya Buyenzi huwa juu kabla hatujamaliza. Zamani tuliwanyamazisha, wakanuna. Siku hizi tumewapa kazi nyingine: wao ndio watungao maswali, na wenzao ndio wajibuo. Hawanuni tena, na wale wa milimani wameanza kusema.

Hata hivyo, juzi tulijihesabia wenyewe dakika tulizosema katika kipindi kimoja. Tuliona haya. Fahali aliyekuwa hauachii mpira alikuwa ameshika chaki.